Korosho za bibi yako kwenye keki za kakao

Mikindani, Mtwara

Mwanangu Somoe,

Marahaba. Salamu zako zimefika, na baba yako kile kifua kimeachia.

Uliponiambia kwenye simu kwamba mafini zako za chokoleti zimetoka ngumu, na ukizikata ndani zina vishimo virefu, nilijua hapo hapo: umekoroga mno. Unga wa ngano ukishalowa, kila ukiukoroga unakaza. Chapati inataka hivyo, keki ndogo haitaki. Chekecha vikavu pamoja: unga kikombe kimoja na nusu, kakao nusu kikombe, sukari robo tatu ya kikombe, beking pauda vijiko 2 vya chai, chumvi kidogo. Bakuli la pili piga mayai 2, maziwa kikombe 1 na mafuta nusu kikombe. Mimina kwenye vikavu, geuza kwa mwiko mara kumi au kumi na mbili, acha. Vibonge vikibaki usivihangaikie.

Korosho nimekutumia kilo 1 kwa basi. Zimetoka Newala, kabangua bibi yako mwenyewe. Unakumbuka anavyozichoma kwenye bati lenye matundu, mafuta ya ganda yakashika moto, moshi ukatutoa machozi sote? Kisha anazifukia mchangani zizime, anazigonga moja moja. Mafuta yale yanababua, na mikono yake unaijua. Ndiyo maana nakuomba usizisage. Zivunje vipande vikubwa, zikaange kavu kwa moto mdogo mpaka zinukie, zipoe kwanza. Nyingi changanya, chache nyunyizia juu.

Kakao ya unga ukiipata ya Kyela, chukua hiyo. Huko Mbeya uko jirani nayo, na mimi nafurahi nikiwaza ya huko na korosho za huku zinakutana kwenye bakuli lako. Chokoleti ya kipande ikatekate; kwa baridi yenu utaweza, huku inayeyukia vidoleni.

Vikombe vya kuokea vijaze robo tatu tu. Oveni nyuzi 190, dakika 20 hivi. Umeme ukikatika, tumia sufuria la mchanga kama nilivyokufundisha, makaa mengi juu, machache chini.

Zikiiva, mpigie bibi yako kabla hujala. Mwambie zimeumuka. Jioni huwa yuko barazani, simu anapokea mwenyewe.

Mama yako