Deni limekwisha, kadi ya gari iko wapi?

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumze na wenye magari ya mkopo. Kumaliza marejesho hakufuti jina la mkopeshaji kwenye usajili wa gari. Benki inapokopesha kwa dhamana ya gari, kwa kawaida husajili haki yake kwa msajili wa magari, na mara nyingi hushika kadi halisi. Haki hiyo haiondoki mpaka mkopeshaji aiachie kwa maandishi. Mtu anaweza kukaa miaka bila deni, akaja kugundua siku ya kuuza gari kwamba kwenye rejesta bado ana mwenziwe.

Kadi isipoonekana, usikimbilie polisi kuripoti upotevu. Anza na mkopeshaji. Omba taarifa ya mkopo inayoonyesha salio ni sifuri. Mikopo mingi huhesabiwa riba kila siku, kwa hiyo ukitajiwa kiasi cha kufunga mkopo Jumatatu ukakilipa Ijumaa, riba ya siku nne inabaki. Kisalio hicho, au faini ya kuchelewa iliyosahauliwa, kinatosha kuiacha akaunti wazi, na akaunti ikiwa wazi kadi haitoki.

Salio likiwa sifuri, dai barua ya kuachia dhamana yenye nembo, mhuri na saini. Itaje jina lako kama lilivyo kwenye kitambulisho, namba ya mkopo, tarehe ya malipo ya mwisho, namba ya usajili, ya injini na ya chesisi, na itamke kwamba mkopeshaji hana tena dai lolote juu ya gari hilo. Barua inayosema tu kuwa mteja amemaliza deni huweza kukataliwa, kwa sababu msajili anatafuta neno la kuachia haki.

Ukiwa bado kaunta, linganisha namba ya chesisi na ile iliyogongwa kwenye gari, herufi kwa herufi. Namba zenye herufi na tarakimu 17 hazitumii kabisa I, O wala Q. Ukikuta mojawapo, aliyechapa amekosea 1 au 0. (Magari yaliyoundwa kwa soko la ndani la Japani yana namba fupi zaidi, hiyo si kasoro.)

Mkopeshaji akisema kadi ilishatumwa, omba tarehe, anwani na saini ya aliyeipokea. Mara nyingi huwa imekwenda anwani ya zamani iliyo kwenye mkataba. Akikiri imepotelea mikononi mwake, akiri kwa barua na agharimie kadi mpya. Mzigo huu si wa mkopaji, na wakopeshaji wanaowasukumia wateja wanawaonea.

Hapo sasa ndipo zamu ya polisi, hati ya kiapo na maombi ya nakala ya kadi, barua ya kuachia dhamana ikiwa imeambatishwa. Ukigeuza mpangilio huu, nakala inaweza kutoka ikiwa na jina la mkopeshaji vilevile, au ikapelekwa kwake moja kwa moja. Tena kuapa kwamba kadi imepotea ilhali imo kabatini mwa benki ni kiapo cha uongo.

Mkopeshaji aliyeungana na mwingine, mtafute aliyerithi mali na madeni yake. Aliyefilisika ana mfilisi, naye ndiye mwenye mamlaka ya kusaini. Ukikwama, msimamizi wa mabenki anaweza kukuelekeza majalada yalikokwenda.

Ukishapata kadi, omba taarifa ya gari kwa msajili uhakikishe dai limefutwa. Nchi nyingine zina rejesta ya pili, ya dhamana za mali zinazohamishika, nayo isafishwe. Kisha mwambie mtu wa bima aondoe jina la mkopeshaji kama mlipwaji wa kwanza. Likibaki, gari likiibwa malipo yanaweza kucheleweshwa hadi yeye atoe idhini.

Msomaji wenu