Fundi Alipwe Kufundisha, Si Kutengeneza Peke Yake

Mhariri,

Msomaji mmoja alidai katika ukurasa huu kwamba mzazi anayefufua gari kuukuu pamoja na mtoto wake anatupa pesa na kumzoesha mtoto gereji badala ya vitabu. Kuhusu pesa sitabishana naye sana, maana risiti ninazo. Kuhusu vitabu amekosea, na ningependa kueleza ni kwa nini.

Gari letu ni Peugeot 504 ya mwaka 1979, ile yenye safu tatu za viti, ambayo marehemu baba yangu aliiendesha miaka mingi akibeba abiria kati ya Nakuru na Nairobi, kisha ikaegeshwa nyuma ya nyumba hadi kuku wakaanza kutaga ndani yake. Wanunuzi wa vyuma chakavu walinibishia lango mara kwa mara, na nilikuwa karibu kukubali. Aliyenizuia ni mwanangu wa miaka 15, baada ya kusoma kwamba Ove Andersson alishinda Safari Rally ya mwaka 1975 kwa Peugeot 504, na Jean-Pierre Nicolas akashinda ya mwaka 1978 kwa 504 ya milango miwili yenye injini ya V6. Sikuwa na moyo wa kumkumbusha kwamba ya babu yake ilisifika zaidi kwa kubeba viazi.

Mwanzoni nilifanya kama wazazi wengi wafanyavyo: nililipeleka gari gereji na kuomba kijana aruhusiwe kutazama. Kwa Jumamosi tatu mfululizo alitumwa soda. Ndipo nikamtafuta mzee mmoja aliyezifahamu Peugeot tangu ujana wake, tukapatana kwamba nitamlipa kwa saa anazofundisha, na kwamba hatashika spana isipokuwa kwenye breki na kuchomelea bodi, kazi ambazo mwanafunzi akizikosea mtu anaweza kufa. Mwanzoni alicheka, akidhani namtania. Sasa nadhani mapatano hayo ndiyo yaliyoleta tofauti yote, kwa sababu fundi anayelipwa kwa kumaliza kazi hana sababu ya kumngoja mtoto anayejifunza.

Somo kubwa tulilipata tulipofungua silinda hedi, yaani kifuniko cha juu cha injini. Injini hii ina laina, yaani mapipa ya chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka, na laina hizo hazikushikamana na bloku bali zimekaa tu ndani yake zikizungukwa na maji ya kupoza, huku hedi ikizikandamiza kutoka juu. Hedi ikiondolewa na mtu akazungusha krankishafti, yaani mhimili unaosukuma pistoni juu na chini, kabla ya kuzibana laina kwa boliti na washa, pistoni zinaweza kuzinyanyua, gasketi ndogo za chini zinazozuia maji yasivuje zikaharibika, na maji yakapata njia ya kuingia kwenye oili. Haya yote mwanangu alikuwa ameyasoma katika kitabu cha matengenezo ya gari usiku uliotangulia na kunionya asubuhi. Mimi, kwa hamu ya kuona pistoni zikisogea, niliweka spana nikazungusha. Laina mbili zilipanda tukiziangalia. Mzee hakusema neno, aliendelea na chai yake.

Ilitubidi kutoa laina zote nne pamoja na pistoni zake, kukwangua kutu iliyoganda chini, na kwenda Nairobi, Barabara ya Kirinyaga, kutafuta gasketi duka kwa duka. Kazi hiyo ilikula Jumamosi tano. Hasara niliilipa mimi kwa kuwa kosa lilikuwa langu, lakini tangu siku hiyo zamu zimebadilika: mwanangu husoma na kuamua hatua inayofuata, nami hushika taa. Kijana ambaye mwalimu wake alilalamika kwamba hasomi swali hadi mwisho sasa hawezi kulegeza nati kabla ya kufika mwisho wa ukurasa, na kitabu chenyewe kimejaa alama za vidole vyenye grisi.

Ningeongeza kwamba gari la kisasa lisingetufaa kwa kazi hii. Katika 504 hii kijana anaweza kuona kwa macho yake pointi, yaani swichi ndogo ya kuleta cheche za plagi, zikifunguka na kufunga, akafuata nyaya za plagi na kueleza kwa nini silinda huwaka kwa mpangilio wa 1-3-4-2, bila kuhitaji mashine ya kuzungumza na kompyuta. Rangi bado hatujaigusa, na sakafu upande wa dereva ina tundu ambalo paka hupitia.

Injini iliwaka mwezi uliopita, ikazima, ikawaka tena. Kilichobaki kutusumbua ni taa ya nyuma ya kushoto ya gari la safu tatu, ambayo haifanani na ya 504 ya kawaida. Msomaji aliye nayo, hata ikiwa imepasuka kidogo, nitashukuru akikuandikia nawe ukanijulisha.

Mama mzazi,
Nakuru.