Mdogo wangu, usiku wa daku mtazame namba 4

Assalamu alaykum mdogo wangu, Ramadhani njema.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Unasema kesho, Jumamosi tarehe 8 Machi 2025, timu ya kikapu ya chuo cha Duke wanakwenda Chapel Hill, nyumbani kwa wapinzani wao Carolina, kumaliza kazi, kwamba Carolina ya msimu huu si timu, na huelewi dada yako anashikilia nini. Nilitaka kukujibu kwa simu, lakini jibu limerefuka. Tena najua mko wengi mlioanza kuufuatilia mpira wa kikapu wa vyuo vya Marekani msimu huu huu kwa ajili ya Khaman Maluach. Basi naliweka hapa, na wenzako wasome.

Kuhusu Maluach sina ugomvi na wewe. Kijana kazaliwa Rumbek, kakulia Kawempe, Kampala, mitaa unayopita kila siku kwenda chuo. Akatoka hapo akaenda kufundishwa Saly, Senegal, akavaa jezi ya City Oilers ya Uganda kwenye BAL, ligi ya kikapu ya Afrika, akafika Olimpiki ya Paris na Sudan Kusini kabla hajatimiza miaka 18. Leo ndiye senta wa Duke, mita 2.18. Usipompenda huyo utampenda nani? Na njia hiyo ilishapitwa. Luol Deng wa Wau, aliyekimbilia Misri kisha London, alicheza Duke msimu wa 2003-04, na ndiye anayeongoza shirikisho la kikapu la Sudan Kusini. Mimi mwenyewe Julai iliyopita, Sudan Kusini walipofungwa na Marekani kwa pointi moja tu kule London, 101 kwa 100, nililia mbele ya watoto. Kwa hiyo usidhani namwangalia Maluach kwa jicho baya. Nitamwombea kila mchezo, isipokuwa huu.

Ujue kwanza jinsi hawa watu walivyo karibu. Kutoka Duke, pale Durham, hadi Chuo Kikuu cha North Carolina, pale Chapel Hill, ni kama kilomita 13. Ni Posta hadi Mwenge, uongeze kidogo. Wanaishi jimbo moja, wanakutana sokoni, wanaoana. Wote ni bluu: Duke bluu iliyokolea, Carolina bluu ya mbinguni. Carolina ni chuo cha umma, kilianza kufundisha 1795. Duke ni cha binafsi, na jina lake kilipewa mwaka 1924 kutokana na fedha za familia iliyotajirika kwa tumbaku. Mchezo wao wa kwanza ulikuwa 1920, na tangu hapo Carolina ndiyo yenye ushindi mwingi zaidi. Mataji ya taifa ya NCAA, Carolina sita, Duke matano. Tofauti ni ndogo kiasi kwamba ubishi hauishi.

Sasa timu za leo. Hapa nitasema kweli kwa sababu tumefunga: Duke ni bora. Wamecheza 30, wamepoteza tatu. Ndani ya ACC, ligi ya vyuo wanayocheza wote wawili, wamefungwa mara moja tu, na Clemson. Waliwakuta Illinois New York wakawapiga 110 kwa 67. Cooper Flagg ana miaka 18, na Januari alifunga pointi 42 dhidi ya Notre Dame, nyingi kuliko mchezaji yeyote wa mwaka wa kwanza katika historia ya ACC. Pembeni yake yupo Kon Knueppel, mtupaji ambaye ukimwachia nafasi ya pumzi moja umeumia. Lakini kinachonitisha mimi zaidi ni urefu wao. Tyrese Proctor, Sion James, Knueppel, Flagg, Maluach: hakuna aliye chini ya mita 1.95. Mfungaji akimpita mmoja anakutana na mkono wa mwingine, na akiupita huo, Maluach anamsubiri chini ya kikapu. Tarehe 1 Februari kule Cameron, ukumbi wa Duke, sisi Carolina tulifungwa 87 kwa 70, na nilikiona kwa macho yangu. Vijana wetu walikuwa wanautupa mpira juu kama wanaorusha embe juu ya ukuta.

Carolina imefungwa mara 11. Tangu Armando Bacot aondoke mwaka jana hatujapata mtu wa kukaa chini ya kikapu. Ven-Allen Lubin anajituma sana, lakini mbele ya Maluach ni mfupi. Elliot Cadeau anaona pasi ambazo wengine hawazioni, halafu mara nyingine anampa adui. Sasa hivi tumeshinda sita mfululizo, na hata hivyo nafasi yetu katika timu 68 za mashindano ya taifa haina uhakika. Orodha inatangazwa Jumapili ya wiki ijayo. Kumfunga Duke kungetuvusha.

Nashikilia nini, basi? Unamkumbuka mwalimu wetu wa michezo kule Tanga, yule niliyekwenda naye UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari? Wewe ulikuwa mdogo, ulikuwa unatuokotea mipira. Alitufundisha kwamba ukifunga, kabla hujakimbia kurudi kulinda, unamnyooshea kidole aliyekupa pasi. Usipofanya hivyo anakutoa, hata kama umefunga kumi. Miaka mingi nilidhani ni sheria yake mwenyewe. Baadaye ndipo nikajua ni desturi ya Dean Smith, kocha wa Carolina kuanzia 1961 hadi 1997, mtu wa ushindi 879 na mataji mawili. Ni yeye aliyempa Charlie Scott nafasi miaka ya sitini, mwanamichezo Mweusi wa kwanza kupata ufadhili pale chuoni, wakati Kusini mwa Marekani jambo hilo lilihitaji moyo. Ni yeye pia, mwaka 1982, aliyeacha mtupo wa mwisho wa fainali mikononi mwa kijana wa mwaka wa kwanza, Michael Jordan. Na alipofariki Februari 2015, ilikutwa kwenye wosia wake kwamba kila mchezaji aliyemfundisha atumiwe dola 200 akale chakula cha jioni. Kila mmoja, nyota na wa benchi, sawa sawa. Mdogo wangu, mimi niliipenda Carolina kwa kidole kile cha kumshukuru mwenzako. Taji sikuwa hata najua wamechukua mangapi.

Duke nao wana mkubwa wao, kocha Mike Krzyzewski, aliyekaa miaka 42 na kuchukua mataji yote matano. Sitamsema vibaya, anastahili heshima. Ila siku yake ya kuaga Cameron, tarehe 5 Machi 2022, ndiyo inayonifanya nikuandikie leo.

Wachezaji wake wa zamani karibu mia walikuja kumsindikiza. Cameron ni ukumbi mdogo, watu 9,314, wanafunzi wamesimama ukingoni mwa uwanja kiasi cha kumgusa anayerusha mpira, na wale walishalala kwenye mahema wiki kadhaa kwa ajili ya siku hiyo. Kila kitu kilikuwa tayari, hata hotuba. Carolina hakuna aliyeipa nafasi. Ikashinda 94 kwa 81. Wachezaji wanne walifunga pointi 20 au zaidi, na mmoja wao alikuwa mwembamba wa mita 1.83, mwaka wa pili, namba 4 mgongoni, akiitwa RJ Davis. Alifunga 21. Mwezi uliofuata wakakutana tena nusu fainali ya taifa, New Orleans, mara ya kwanza kabisa kukutana katika mashindano hayo. Carolina 81, Duke 77. Ule ndio ulikuwa mchezo wa mwisho wa Krzyzewski kama kocha.

Wenzake Davis wa siku ile wote wameshaondoka. Yeye amebaki. Mwaka jana alichaguliwa mchezaji bora wa ACC, akafunga 42 dhidi ya Miami, rekodi ya mchezaji wa Carolina katika ukumbi wa nyumbani, ule wenye jina la Dean Smith. Ndiyo, 42, kama za Flagg wako. Angeweza kuondoka hapo. Akarudi kwa mwaka wa tano, kwenye timu isiyo na senta, akabeba msimu mgumu bila kumnung'unikia mtu.

Na kesho ndiyo mara yake ya mwisho kucheza nyumbani. Watu 21,750 watakuja kumuaga, na mgeni aliyepangwa kwenye ratiba ni Duke. Kijana aliyeharibu maagano ya mzee anaagwa mbele ya watoto wa mzee, na kocha wao, Jon Scheyer, ni mtu aliyechukua taji la 2010 chini ya mzee huyo huyo. Wewe unaniambia mchezo huu hauna maana kwa sababu mshindi anajulikana?

Njia ya kushinda ipo, nyembamba. Davis na Cadeau wakimbie kabla Maluach hajafika golini kwake. Lubin asogee juu amvute atoke chini ya kikapu. Mitupo ya pointi tatu iingie mapema, ukumbi uwake. Zikikosa zile tano za mwanzo, nitajua, na wewe utanipigia simu kabla ya mapumziko.

Mpira unarushwa saa nane na nusu usiku kwa saa zetu. Mimi nitakuwa jikoni, simu nimeiegemeza kwenye chupa ya chai, nimepika mihogo ya nazi kwa ajili ya daku. Mwangalie Maluach wako kwa roho safi. Lakini Davis akifunga, mara ya kwanza tu, usiufuate mpira. Baki naye, uone mkono wake unamnyooshea nani.

Dada yako.