Wanaokwenda kubandikwa mgongoni waulizwe kwanza kuhusu mkorogo

Mhariri,

Huu ni mwaka wa 17 nawapaka maharusi hina na piko hapa Tanga. Mwaka jana vidole vikaanza kuniwasha, vikatoka malengelenge, kisha vikapasuka hata kushika ndimu nikashindwa. Daktari wa ngozi akaniandikia kipimo cha mzio: unabandikwa mgongoni plasta zenye vitone vya kemikali mbalimbali, ionekane ngozi inakataa kipi.

Karatasi niliyopewa ilikuwa na tarehe na saa, basi. Nikapanda gari alfajiri. Nilipovua blauzi tu, muuguzi akauliza, "Mama, mgongoni unapaka nini?" Nikasema mafuta ya nazi. Akanyamaza, akaniangalia. Ikabidi niseme: mkorogo, yaani krimu ya kujichubua, mwili mzima, mwaka wa pili sasa.

Nikarudishwa nyumbani. Mikorogo mingi ina steroidi, nayo huilaza ngozi hata isionyeshe kitu. Ningeambiwa sina mzio na huku ninao. Vidonge vya prednisolone, ambavyo ni steroidi pia, navyo hivyo hivyo, ila hivyo usiviache bila kumuuliza daktari.

Safari ya pili niliuliza kila kitu kabla. Kumbe si kwenda na kurudi: Jumatatu unabandikwa, Jumatano unabanduliwa na kusomwa, Ijumaa unasomwa tena, maana mzio mwingine huchelewa kujitokeza. Nikalala kwa wifi yangu wiki nzima. Mgongo hauguswi na maji, wala hutakiwi kutoka jasho (kwa joto lile!), kwa hiyo ndoo alinibebea yeye, nami nikaoga kwa kopo, mbele tu. Nilivaa magauni makuukuu, kwani alama za kalamu wanazokuchora mgongoni huchafua nguo. Nilibeba pia sabuni, glavu, hina na piko langu na paketi zake, waone ninachogusa kazini.

Ikavimba sehemu ya PPD, kemikali iliyomo kwenye piko. Hina yangu ya majani haikuleta neno. Sasa napaka hina peke yake, na maharusi wanaotaka weusi wananikimbia.

Ombi langu kwa hospitali: maelezo haya yaandikwe nyuma ya kadi ya miadi, na neno "mkorogo" liwemo hivyo hivyo lilivyo. Mkiandika "vipodozi vyenye viambata sumu", hakuna mwanamke atakayedhani mnasema kopo lake.

Mpaka hina,
Ngamiani, Tanga