Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Nondo Wetu wa Bwawani

Ndugu wanachama,

Nawashukuru kwa kuitikia wito wa mkutano mkuu. Mambo ya fedha atayasoma mweka hazina, na kumbukumbu za vikao anazo katibu, kwa hiyo sitawarudisha huko. Muda niliopewa nautumia kwa jambo moja: nondo wetu wa bwawani, Elophila nymphaeata, na kosa tulilomtendea.

Wanachama wapya wameniuliza zaidi ya mara moja kwa nini chama cha watu wa ardhioevu kimemshikilia nondo, ilhali bwawani kuna kerengende wa kila rangi. Nondo wanaojulikana duniani ni zaidi ya spishi 160,000, na karibu wote viwavi wao hula na kukua nchi kavu. Walioingia majini ni wachache sana. Huyu ni mmoja wao. Anaishi Ulaya na sehemu za Asia, kwenye mabwawa, mifereji na mito ya mwendo wa pole, mradi pawe na majani yanayoelea. Linnaeus alimwandika mwaka 1758 kwa jina linalotokana na la yungiyungi, ingawa kiwavi hula pia mimea mingine, hasa ile ya Potamogeton ambayo majani yake hulala juu ya maji. Mabawa yake ni meupe yenye michoro ya kahawia, na Waingereza humfananisha na alama zinazopigwa chini ya vyombo vya kauri.

Jike hukaa kwenye jani linaloelea na kutaga mayai upande wa chini, ndani ya maji. Kiwavi akianguliwa hana cha kujikinga, basi hujichimbia kwanza ndani ya nyama ya jani. Kisha hukata kipande, akakishonea kwa hariri yake chini ya jani na kujibanza katikati. Baadaye hukata vipande viwili, huviunganisha kingo, na sasa ana nyumba anayotembea nayo. Mkiona kwenye jani la yungiyungi tundu la umbo la yai, lenye ukingo safi kana kwamba limekatwa kwa mkasi, jueni fundi amepita hapo. Akinenepa nyumba ikambana, hukata nyingine kubwa zaidi.

Linalonishika zaidi ni jinsi anavyopumua. Mwanzoni nyumba ile imejaa maji. Ngozi ya kiwavi mchanga hulowana, na hewa humfikia kwa kupenya ngozi hiyohiyo. Akishajivua na kukua, mwili hufunikwa na vinyweleo vidogo mno visivyokubali maji, na nyumba ya majani hujaa hewa badala ya maji. Wakati wa kula hutoa kichwa tu na miguu ya mbele, sehemu ya nyuma ikabaki ndani. Nimesimama kando ya bwawa miaka mingi, lakini kila ninapofungua kijumba kimoja nikamkuta mdudu mkavu aliyekuwa chini ya maji, nashangaa upya.

Jamaa zake wametafuta njia nyingine. Kiwavi wa Parapoynx stratiotata ana matamvua membamba yenye matawi ubavuni. Yule wa Cataclysta lemnata hujishonea nyumba kwa vile vijani vidogo vinavyotanda juu ya maji kama zulia. Na wa Acentria ephemerella ni wa ajabu kuliko wote: majike wake wengi wana mabawa mafupi yasiyoweza kuruka, nao huishi chini ya maji wakiogelea kwa miguu.

Sasa nije kwenye kosa. Nondo wetu havuki baridi akiwa yai wala pupa. Huivuka akiwa kiwavi, bado mdogo, humohumo majini kati ya mimea. Pupa huja baadaye, katika kifukofuko cha hariri kilichoshikamanishwa na mmea, na wakubwa huruka jioni kati ya Juni na Agosti. Hii ina maana kwamba bwawa linaloonekana limekufa, lenye majani yaliyooza na mashina yaliyolala, ndilo lililobeba kizazi kizima cha mwaka unaofuata.

Mwaka jana, kabla ya baridi kuingia, kamati ninayoiongoza iliamua kusafisha bwawa. Tuling'oa mimea yote kwa siku moja na kuipeleka mbali kwa toroli. Mama mmoja, mwanachama wa siku nyingi, alinyanyua jani kutoka kwenye toroli akaniambia, "Mwenyekiti, humu mna wenyewe." Nilimjibu kwamba kazi imeshafika mbali. Jibu hilo limenikaa rohoni mwaka mzima. Kiangazi kilichotangulia, ukipita kando ya matete saa za magharibi, nondo walikuwa wakiinuka karibu kila hatua. Mwaka huu kuna jioni nyingi tuliondoka bila kumwona hata mmoja. Yawezekana hali ya hewa nayo ilichangia, lakini sitajificha nyuma yake. Uamuzi ulikuwa wangu, na leo mbele yenu namwomba radhi mama yule.

Habari njema ni chache ila ni za kweli. Mimea imeanza kurudi upande wa kivuli, ambako mizizi ilibaki, na mwishoni mwa Agosti vijana wetu walipata majani kadhaa yenye yale matundu ya umbo la yai. Wamebaki. Ombi la kuongeza samaki bwawani tumelikataa, kwa sababu samaki wanaochimbua tope hung'oa mimea, nasi hatuna mimea ya kupoteza. Taa ya njiani sasa huzimwa jioni zote za msimu wa kuruka, maana nondo hawa huvutwa na mwanga wakaacha maji.

Kamati inaleta hoja moja. Kuanzia sasa tusiondoe zaidi ya robo ya mimea kwa mwaka, na tusiguse robo hiyohiyo miaka miwili mfululizo. Kila kinachotolewa kikaguliwe jani kwa jani kwenye sinia jeupe lenye maji, na kila kijumba kirudishwe bwawani na kipande cha jani lake. Ni kazi ya kuchosha mgongo, na itatuchukua siku kadhaa badala ya moja. Nimemwomba mama yule awe msimamizi wake, naye amekubali.

Katibu ataisoma hoja kikamilifu, kisha mtaipigia kura.