Mtahini hakai ndani ya jicho lako

Mwanangu,

Mama yako ameniambia umefeli mtihani wa barabarani na hutaki kuzungumza. Basi usizungumze, soma tu.

Nilipohamia ugenini, wewe hujazaliwa, nilikuwa nimeendesha gari miaka 14 bila kugonga hata kuku. Nilifeli mara mbili. Mama yako husema tatu, lakini ile ya maswali ya kuandika mimi siihesabu.

Mara ya kwanza nilishuka garini nikijua nimefaulu. Nikaoneshwa karatasi: makosa karibu yote yako mstari mmoja, wa kuangalia. Nikabisha. Niliangalia! Kwa jicho la pembeni, kama dereva yeyote mzoefu. Mtahini akanijibu kwa upole kwamba yeye hakai ndani ya jicho langu. Tangu siku hiyo niligeuza shingo mpaka ikauma: kioo cha ndani, kioo cha pembeni, indiketa, halafu bega, pale ambapo kioo hakioni, ndipo usukani.

Kijana aliyeanza kujifunza jana hana shida hiyo. Mazoea yana taabu, na sisi tunakwenda nayo kwenye mtihani: mkono mmoja umelala kwenye gia, gari halisimami kabisa kwenye alama ya kusimama bali linatambaa, na mwenzako unampisha wakati njia ni yako. Huo wa mwisho nyumbani ni ungwana. Kule niliandikiwa kosa.

Halafu upande. Huko uliko wanapita kulia, na neno letu lenyewe la mzunguko wa barabara, kipilefti, yaani "shika kushoto" kwa Kiingereza, linakudanganya, maana magari kwenye mzunguko yatakujia kutoka kushoto. Lakini penye magari mengi utawafuata wenzako tu. Jihadhari zaidi alfajiri, unapotoka kituo cha mafuta na barabara ni tupu, kwani hapo ndipo mikono hurudi ilikozoea. Sweden ilihama kutoka kushoto kwenda kulia siku moja, tarehe 3 Septemba 1967, nchi nzima kwa pamoja. Wewe unahama peke yako.

Sasa lililonikosesha usingizi. Umesema una mwaka mzima wa kutumia leseni ya nyumbani kwa sababu rafiki yako aliyeko Uingereza kaambiwa hivyo. Yeye kweli ana miezi 12. Angekuwa Ujerumani angekuwa na 6. Kila nchi na hesabu yake, na kwa kawaida hesabu huanza siku ulipokuwa mkazi, si siku uliponunua gari. Waulize wanaotoa leseni hukohuko. Miezi hiyo ikipita, unaendesha bila leseni, na ukimgonga mtu bima inaweza kukugeuka. Hilo sitaki kulisikia kwa simu ya usiku.

Na hiki kibali cha kimataifa cha kuendesha gari usikitegemee kama ngao. Ni tafsiri tu ya leseni yako, hakifanyi kazi bila leseni yenyewe, na hutolewa na nchi iliyokupa leseni. Wanaokiuza mtandaoni kama leseni ya dunia nzima ni matapeli, hata wawe na muhuri mzuri namna gani.

Ukirudia mtihani, mwalimu atakushawishi utumie gari la otomatiki, ni rahisi. Uliza kwanza. Nchi nyingi za Ulaya, ukifaulu kwa otomatiki leseni yako inakufunga humo, gari la klachi huruhusiwi. Wewe uliyejifunzia kwenye gari lile letu la gia ngumu, kwa nini ujinyime?

Lipa masomo mawili matatu kabla ya kurudi. Najua inauma kumlipa mtu akufundishe unachokijua. Hakufundishi kuendesha, anakuonesha mtahini wa huko anatazama nini.

Jambo moja nitalifanya mimi. Leseni yako ulipoihuisha iliandikwa tarehe mpya, kwa hiyo kwenye karatasi unaonekana dereva wa mwaka jana, na bima watakutoza kama mwanagenzi. Ofisi iliyoitoa inaweza kuandika barua ya kuthibitisha lini ulipata ya kwanza. Nitumie picha ya leseni, pande zote mbili, na ya pasipoti pia, maana nakumbuka majina yako hayakupangwa sawasawa kwenye hizo mbili. Jumatatu asubuhi nitakuwa pale kabla foleni haijawa ndefu.

Baba yako