Moto wa ng'ambo

Kotka, Ufini, 4 Septemba 2022

Somo yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi. Sisi wazima, mafua ya watoto tu. Najua nina deni la barua tangu Idi, usininunie.

Wiki iliyopita tulikwenda Virolahti, kule mpakani, kuchuma matunda ya porini. Kiza kilipoingia nikaona upande wa Urusi mbingu nyekundu. Nikadhani msitu unaungua. Mwenyeji wetu akacheka: ni gesi, pale Portovaya, linapoanzia bomba la baharini la kwenda Ujerumani. Kampuni ya Rystad ya Norway inakadiria zinachomwa mita za ujazo milioni 4.34 kwa siku, thamani ya dola milioni 10. Kwa siku, somo! Warusi wamegombana na Ulaya kwa vita vya Ukraine, bomba wakalibana mpaka ikawa inapita sehemu moja ya tano tu, na juzi wamelifunga kabisa, eti mtambo unavuja mafuta. Wataalamu wanahisi inayoungua ni ile iliyokosa pa kwenda.

Ukikosana na jirani unamnyima kaa la moto, sawa. Lakini kuni zako utazichoma uani usiku kucha?

Mume wangu anasema bora ichomwe kuliko kuachiwa hewani, maana gesi mbichi huzidisha joto kuliko moshi wake. Kweli. Na masizi je? Nchi za barafu za kaskazini si mbali. Yakitua juu ya theluji inakuwa nyeusi, inanyonya jua, inayeyuka. Hewa ukaa nayo, tani kama 9,000 kila siku. Sisi huku tunahimizwa tuoge harakaharaka, bili ya umeme itatutoa roho, na mwenye nyumba... basi, nisianze.

Nikakumbuka Mtwara 2013, tulivyojifungia kwa mama yako huku nje watu wanasema gesi haitoki. Ikatoka, ikaenda Dar. Na wewe bado wapepea mkaa! Najua ya mtungini huja kwa meli, si ile yetu, lakini niache nilalamike. Usiku ule sikulala, naangalia dirishani tu.

Mtungi sasa bei gani huko? Na gunia la mkaa? Bi Zuhura kifua kimetulia, au bado anakaa jikoni na ule moshi? Hamisi amerudi Msimbati? Nikimpitishia yeye hela ya mtungi, zitakufika? Na zikifika, utanunua mtungi kweli, au kanga?

Wako,
Somo